Shajara ya mradi: kadi za istilahi za fasihi kwa kidato cha tatu

Ninaiandika shajara hii kwa mwalimu mwenzangu wa Kiswahili anayetaka kuwatengenezea wanafunzi kadi za istilahi za fasihi bila kuzunguka njia zote nilizozunguka mimi. Shule yetu ni sekondari ya kutwa katika mwambao wa Tanga. Darasa ni kubwa na maktaba ni ndogo. Kila hatua ikikamilika nitaongeza kipande. Gharama ni za shilingi ya Tanzania.

Jumatatu, 20 Januari 2025. Hali ya kuanzia

Kabla ya kununua chochote niliwapa kidato cha tatu kifungu kifupi cha hadithi nilichokitunga mwenyewe, chenye tashbihi, sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine), tashihisi, takriri (kurudiarudia neno), tafsida (kupunguza ukali wa neno) na tanakali ya sauti. Swali lilikuwa na sehemu mbili: taja mbinu iliyotumika, kisha eleza imefanya kazi gani katika sentensi hiyo.

Sehemu ya kwanza walijibu vizuri. Sehemu ya pili ndiyo iliyozaa mradi huu. Karibu kila daftari lilikuwa na jibu lile lile: "Imetumika kupamba lugha." Tashbihi imepamba lugha. Tafsida imepamba lugha. Takriri nayo imepamba lugha. Mwanafunzi mmoja alitambua mbinu zote sita, na chini ya kila moja akaiandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mwanafunzi anayeamini kwamba mbinu ni pambo hana sababu ya kujiuliza kwa nini mwandishi amesema hivi na si vile, na bila swali hilo uhakiki haupo. Anabaki kuokota majina. Kwa hiyo lengo nimeliweka hivi: shule zitakapofunguliwa Julai, maneno "kupamba lugha" yawe yametoweka madaftarini, na mahali pake pawe na maelezo yanayotoka ndani ya sentensi inayohakikiwa.

Jumamosi, 1 Februari 2025. Chati za ukutani

Manila kumi kwa 700 ni 7,000. Maka peni nne kwa 1,500 ni 6,000. Gundi na selotepu 3,500. Jumla 16,500.

Nilifuata mgawanyo uliozoeleka vitabuni kwetu. Ukuta mmoja ulikuwa wa tamathali za semi: tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha (kutia chumvi), tafsida, kejeli, taniaba. Ukuta wa pili ulikuwa wa mbinu nyingine za kisanaa: takriri, tanakali za sauti, tashititi, mdokezo (kuacha sentensi bila kuimalizia), nidaa (mshangao), mjalizo (kupanga maneno bila viunganishi). Chini ya kila jina fasili, na chini ya fasili mfano mmoja.

Chati zilipendeza na hazikusaidia. Wanafunzi walizinakili zote, wakazikariri, na zoezi la wiki iliyofuata likaleta pambo lile lile. Nilipokaa nao kikundi kwa kikundi niliona mambo mawili. La kwanza, fasili zenyewe ni ngumu kuliko mbinu zinazozieleza. Mtoto amesikia tashihisi tangu utotoni katika ngano za bibi yake, lakini ukimwambia ni "tamathali ambayo vitu visivyo na uhai hupewa sifa za kibinadamu" anaona ni jambo geni la kukariri. La pili lina madhara zaidi: mfano mmoja hugeuka kuwa ndiyo maana yenyewe. Chini ya sitiari niliandika "Juma ni simba", na tangu siku hiyo kila sitiari darasani ikawa na mnyama. Sentensi "Shangazi ni nanga ya nyumba hii" ilipita bila kutambuliwa, katika darasa ambalo wengi wana baba au mjomba anayekwenda baharini.

Kwa atakayetaka chati hata hivyo: selotepu haishiki kwenye ukuta wa chokaa, na unyevu wa pwani huikunja manila. Pigilia ubao mwembamba juu na chini.

Ijumaa, 21 Februari 2025. Kadi za pande mbili

Nilizikata manila zile zile vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele sentensi, nyuma jina la mbinu. Sentensi nilizichapa na kutoa kopi 60 kwa 100, yaani 6,000. Laminesheni ya karatasi 15 kwa 1,000 kila moja ikala 15,000, na hiyo ndiyo hela iliyopotea kuliko zote katika mradi huu: mashine ya dukani haikupata moto wa kutosha, plastiki ikaanza kubanduka pembeni, na nilipozikata kadi zikafunguka kabisa. Suluhisho lililodumu ni selotepu pana ya kufungia maboksi, roli moja 2,500, ikapakwa pande zote mbili kisha ikakatwa kwa kuacha ukingo mdogo. Mpaka leo kadi hizo zinapita mikono yenye jasho na hazijaharibika.

Mfano sasa si mmoja. Kila mbinu ina kadi nne au tano, na marufuku imetangazwa: simba, twiga, sungura na kinyonga hawaruhusiwi. Anayetaka sitiari aitafute katika kazi inayofanyika kwao. Zikaja nzuri sana. Mmoja aliyekulia jirani na shamba la mkonge aliandika, "Maneno ya mjumbe ni mkonge, hata baada ya kuyachakata bado yanachoma." Mwingine, ambaye mama yake anauza vitumbua, aliandika, "Babu ni kikaango cha zamani, hakishiki moto upesi, lakini kikishika hakipoi." Mubalagha zilikuja zenyewe. Tafsida hazikuhitaji kufundishwa. Mtoto aliyelelewa kusema "mzee ametutoka" na "shangazi amejifungua" ana tafsida mdomoni kabla hajaujua huo msamiati wa darasani.

Tashbihi ndiyo iliyoleta taabu, tena ile tuliyodhani ni nyepesi kuliko zote. Wanafunzi walikuwa wamejifunza kutafuta "kama". Walipoona "Kama mvua ikinyesha hatutavuka", wakaandika tashbihi. Walipoona "Ana urefu kama wa dada yake", wakaandika tashbihi. Na palipokuwa na "Alisimama utadhani mlingoti", hawakuandika kitu.

Tulitengeneza kadi tano za "kama" pekee na kuzigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni "kama" ya sharti, ambayo haifananishi chochote. La pili ni ulinganisho wa kawaida: mtu na dada yake wanalinganishwa kwa urefu, vitu vya aina moja, kwa kipimo ambacho ungeweza kukithibitisha kwa futi. La tatu ndilo tashbihi, ambapo vitu vya aina mbili tofauti vinakutanishwa ili sifa ya kimoja ituonyeshe kingine. Halafu tukaongeza kadi zisizo na "kama" hata moja: mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani, na ile "ja" ya washairi. Baada ya hapo mkono wa kutafuta neno moja ukalegea.

Kadi nyingine iliyobishaniwa ni "giza totoro". Ilikuwa kwenye fungu la tanakali za sauti, pamoja na "ndoo ikaanguka pu". Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, giza linatoa sauti gani?" Swali ni la haki kabisa. "Pu" inaiga mlio. "Totoro" haiigi mlio wowote. Inakolezea hali, kama ilivyo "fofofo" katika kulala fofofo. Vitabu vingi vya shule huyaweka maneno haya kapu moja, nasi tumeyaacha kapu moja kwa ajili ya mtihani, lakini kadi sasa zina rangi mbili, ya sauti na ya hali.

Jumatano, 12 Machi 2025. Futa uone

Ni mwezi wa Ramadhani na wengi darasani wamefunga, kwa hiyo vipindi vya fasihi tumevihamishia asubuhi. Hatua hii ndiyo kiini cha mradi. Ukiamua kunakili jambo moja tu katika shajara hii, nakili hili.

Kadi ziliwafanya watambue mbinu haraka, lakini swali la "imefanya kazi gani" bado lilikuwa linajibiwa kwa pambo. Kwanza nilijaribu kuwapa orodha ya kazi: kusisitiza, kujenga taswira, kuficha ukali wa neno, kuleta msisimko. Ikawa balaa jipya. Badala ya "kupamba lugha" wakaandika "kusisitiza" kila mahali. Orodha niliirudisha kabatini.

Kilichofanya kazi ni kufuta. Kadi inawekwa mezani, kikundi kinaiandika upya sentensi ile ile bila mbinu, kwa maneno makavu. Sentensi mbili zinawekwa moja chini ya nyingine. Swali ni moja: kipi kilikuwapo juu na hakipo chini?

Kadi ya kwanza ilisema: "Njaa ilibisha hodi kabla ya jua kuchomoza." Kikundi kikaandika chini yake: "Tulianza kusikia njaa alfajiri." Nikauliza kimepotea nini. Kimya, kisha mmoja akasema kwamba ya chini haina mtu. Mwingine akasema ya juu ina mgeni. Hapo wakaanza kusukumana kwa mawazo: mgeni akibisha hodi huitikiwa karibu, humfukuzi, mgeni anayekuja alfajiri si wa kawaida, ana habari nzito, mgeni akishaingia, atalala. Kijana ambaye tangu Januari hajawahi kuzungumza katika kipindi changu akasema, "Basi hao watu wanaijua hiyo njaa, maana mtu asiyekujua hukupita mlangoni." Hilo ni jibu la mhakiki. Halikuwa kwenye chati yoyote.

Kadi ya takriri ilikuwa na sentensi tatu: "Alingoja. Alingoja mpaka taa ya mwisho sokoni ikazimwa. Alingoja." Wakaikausha ikawa: "Alingoja mpaka usiku sana." Wakagundua kwamba ya chini ina habari zote na haina muda. Ya juu inamlazimisha msomaji angoje pamoja na mhusika, na lile "alingoja" la mwisho linakuja wakati soko limekwisha na hakuna tena cha kungojea.

Njia hii pia inatenga mbinu ya kweli na ya bandia. "Upepo uliufunga mlango" kilikuwa kimewekwa katika tashihisi. Walipojaribu kukikausha hawakupata cha kuondoa, kwa sababu upepo hufunga milango kweli. Lakini "Upepo ulibisha hodi, ukaona hakuna mwenyeji, ukaondoka" ukiukausha unabaki na "Upepo ulivuma kisha ukatulia", na nyumba tupu imetoweka. Kwa hiyo tukaweka sheria: sentensi ikifutwa na kisipotee kitu, ama hapakuwa na mbinu, ama mbinu ilikuwapo na mwandishi hakuihitaji. Sheria hii wanaipenda kwa sababu inawapa ruhusa ya kumkosoa mwandishi aliyechapishwa.

Nyuma ya kila kadi sasa kuna mistari miwili chini ya jina la mbinu: mmoja wa sentensi kavu, mmoja wa kilichopotea. Mistari hiyo huachwa wazi. Kikundi huandika kwa penseli na kufuta kabla ya kupitisha kadi. Gharama ya hatua hii ni penseli na vifutio, 4,000.

Jumanne, 6 Mei 2025. Ushairi na vita vya mizani

Istilahi za umbo la shairi zilikwenda haraka kwa kuchora ubeti ubaoni na kuuwekea alama: mshororo, vipande vyake viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), kina cha kati na kina cha mwisho, kibwagizo. Mishororo minne, basi ni tarbia, mitatu, tathlitha, mitano, takhmisa. Vina visipobadilika shairi zima ni mtiririko, vikibadilika kila ubeti ni ukaraguni. Haya yanakaririka na hayana ubaya kukaririwa.

Mizani, yaani hesabu ya silabi, ndiyo ilikula muda. Badala ya kuhesabu mashairi ya kitabuni, darasa lilitunga lake kwa dereva wa bodaboda. Ubeti wa kwanza, baada ya marekebisho mengi:

Dereva punguza mwendo, barabara ina shimo,
Pikipiki si mshindo, ajali haina somo,
Shika breki kaa kando, kila mwendo na kipimo,
Twakuomba kwa upendo, safari ina ukomo.

Kila kipande kinatakiwa kuwa na mizani nane. Tulihesabu kwa makofi, na ukwapi wa mshororo wa pili ukaligawa darasa: nusu walipata saba, nusu nane. Neno lenyewe lilikuwa "mshindo". Waliopata saba walipiga makofi mawili, mshi-ndo. Waliopata nane walipiga matatu, m-shi-ndo. Wa pili ndio sahihi, lakini kusema "ndio sahihi" hakumsaidii mtu kesho akikutana na neno jingine.

Nilijaribu ile njia ya kuweka kiganja chini ya kidevu na kuhesabu kinashuka mara ngapi. Kwa "barabara" inakubali. Kwa "mshindo" inakataa, kwa sababu "m" hutamkwa midomo ikiwa imefungwa na kidevu hakishuki. Usiitumie kwa Kiswahili.

Kilichosaidia ni kuanza na maneno mafupi: mbu, nchi, nge, nta. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "mbu", mkazo unaangukia "m". Sema "nchi", unaangukia "n". Kinachobeba mkazo ni silabi kamili, kwa hiyo kila neno hapo lina mizani mbili. Wakishaisikia "m" inayosimama peke yake, wanaweza kuitafuta hata pasipo na mkazo. Kipimo cha pili ni kuita kwa mbali, kama unavyomwita mtu ng'ambo ya mto: "m... shi... ndo" inaitika, ila "m... we... ndo" haiitiki, maana "mw" haikubali kutenganishwa. Basi "mshindo" ni tatu na "mwendo" ni mbili.

Halafu likaja "mbaya", ambalo lilitupa kipindi kizima chenye raha. Katika "mtu mbaya", kivumishi kina mizani tatu, m-ba-ya, sawa na m-zu-ri. Katika "nyumba mbaya" kina mbili, mba-ya, sawa na nzu-ri. Herufi ni zile zile; kinachotofautisha ni ngeli. Siku hiyo walimu wa sarufi na wa fasihi tungeweza kufundisha chumba kimoja.

"Breki" nayo ililetewa makofi matatu na waliozoea kutamka "bureki". Tukakubaliana kuhesabu bre-ki, mbili, na anayetaka tatu aandike hivyo waziwazi ili msomaji aisome alivyokusudia. Upande wa pili kuna "binti". Darasani tulipiga mawili. Lakini mshororo wa kwanza wa utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unasema "Negema wangu binti", na utendi una mizani nane kwa kila mshororo. Ukihesabu mbili unapata saba. Ukisoma bi-n-ti, nane inatimia. Wanafunzi walifurahi kugundua kwamba shairi la zamani linaweza kukufundisha namna lilivyosomwa.

Kuhusu uhuru wa mshairi, kadi zipo za inkisari (nambie badala ya niambie), mazida (afiya badala ya afya), tabdila (starehi badala ya starehe) na kuboronga sarufi (langu jina). Hatari yake ni kwamba wanafunzi huutumia uhuru huu kama jina la heshima la kosa. Tumeweka sharti: anayetaja inkisari lazima aandike pia neno kamili na kuonyesha mizani ingekuwa ngapi. Kwa sharti hilo waliikamata "twakuomba" katika ubeti wao na kusema ni inkisari ya "tunakuomba". Mizani kweli imepungua kutoka tano hadi nne, ila "twakuomba" ni umbo kamili la wakati wa "a", halijakatwa popote. Mshairi amechagua njeo fupi. Tofauti hiyo sasa ina kadi yake.

Tulipofika mwisho wa ubeti mtunzi wa mshororo wa nne aliulizwa na mwenzake: "Huo ukomo ni kufika au ni kufa?" Akasema alimaanisha kufika. Mwenzake akamwambia arudie kusoma kuanzia juu, kuna shimo na kuna ajali. Kwa nusu saa nzima hawakunihitaji. Walilifuta neno, wakaweka "mwisho", mizani ikapungua moja na kina kikavunjika; wakarudisha "ukomo" na kuamua kwamba neno lina maana zote mbili na ndiyo sababu linafaa kwa dereva, anayeombwa achague.

Jambo moja la kuongeza kwa haraka. Baada ya wiki za mizani, mwanafunzi akipewa shairi huru huandika kwamba "si shairi kwa kuwa halina vina". Ubishi huu ni mkubwa na una historia. Kaluta Amri Abeid aliziandika sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha diwani ya Kichomi, isiyozifuata. Niliwaeleza pande zote mbili. Kwa mtihani na kwa usomaji, "halina vina" ni maelezo ya umbo na si hukumu. Kwenye shairi huru kadi yetu inauliza: mstari umekatwa wapi, na ukiukata mahali pengine kinapotea nini? Ni kufuta kule kule.

Gharama: karatasi rimu moja, shule imetoa.

Alhamisi, 22 Mei 2025. Majina yanayogongana

Horohoro si mbali, na baadhi ya wanafunzi wana ndugu ng'ambo ya mpaka, Lungalunga na Mombasa, wanaowapa vitabu vya marudio vya Kenya. Vitabu hivyo vimeleta maneno ambayo kadi zetu hazikuwa nayo: jazanda, uhaishaji, istiari, chuku, swali la balagha, mbinu rejeshi. Kwa siku kadhaa wanafunzi walidhani ni mbinu mpya kumi zaidi, na wengine wakakata tamaa.

Nyingi ni jambo moja lenye majina mawili. Mubalagha ndiyo chuku. Tashihisi ndiyo uhaishaji. Sitiari na istiari ni moja. Swali ambalo jibu lake linajulikana, kwetu tashititi, kwao swali la balagha. Kisengere nyuma na mbinu rejeshi havitofautiani. Kadi sasa ina jina kuu kwa herufi kubwa na majina mengine chini kwa herufi ndogo, na ushauri wangu kwa mtahiniwa ni kutumia jina la kitabu chake cha kiada, mara moja, bila kurundika visawe.

Palipo na tofauti ya kweli tulipatengea muda. Majazi, kwa namna linavyotumika katika vitabu vile, ni mhusika kupewa jina linaloendana na tabia yake: Mzee Subira ambaye kweli ni mvumilivu. Taniaba ni jina la mtu anayejulikana kusimama badala ya tabia: "Kijiji hiki kina Firauni wake." Moja linambatiza mhusika, jingine linaazima jina kutoka nje ya hadithi.

Kejeli na kinaya ndivyo vilivyobishaniwa zaidi. Tumeafikiana hivi. Kejeli ina mtu anayelengwa: anayefika saa sita mchana anaambiwa, "Hongera, leo umewahi." Kinaya kinaweza kukosa msemaji kabisa, kikawa ndani ya tukio: mwenyekiti wa kamati ya maji ndiye pekee kijijini ambaye bomba lake halitoi maji. Panapokuwa na maneno yanayosema kinyume cha yanachomaanisha, vitabu vingine huita kinaya na vingine kejeli, nami nakubali jibu lolote kati ya hayo mawili ikiwa maelezo ya kazi yake ni sahihi. Jina si la kumkosesha mtoto alama aliyoielewa.

Ijumaa, 30 Mei 2025. Muundo na mtindo

Fupi. Wanafunzi huvichanganya kila mwaka. Tuliichapa hadithi ya aya sita, tukaikata vipande, kila kikundi kikaipanga kwa namna yake. Waliobadilisha mpangilio wa matukio wamegusa muundo. Kisha kikundi kingine kikaandika upya aya moja kama barua, au kwa nafsi ya kwanza, bila kuhamisha tukio: huo ni mtindo. Kopi 1,200. Sijalazimika kurudia somo hili.

Jumatano, 16 Julai 2025. Kupima tena

Shule zimefunguliwa. Nimewapa kifungu kipya chenye mbinu zile zile za Januari na swali lile lile.

"Kupamba lugha" bado ipo, kwa wachache, wengi wao wakiwa wale waliokosa vipindi vya Machi. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika angalau jibu moja ambalo lisingeweza kuhamishiwa kwenye sentensi nyingine, na hicho ndicho kipimo changu sasa: jibu likifaa kila mahali, halifai. Walio dhaifu katika kutaja majina wamebaki dhaifu, lakini baadhi yao wanaeleza kilichopotea vizuri kuliko wanaokumbuka majina yote. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa mtihani huanza na jina. Kwa hao nimerudisha mchezo wa kadi wa dakika tano mwanzoni mwa kipindi.

Kasoro iliyobaki ni urefu. Waliozoea kufuta wanaandika sana, na mtihani una saa zake. Tunafanya mazoezi ya kueleza kilichopotea kwa sentensi moja.

Gharama zote hadi sasa: chati 16,500, kopi za kadi 6,000, laminesheni 15,000, selotepu pana 2,500, penseli na vifutio 4,000, kopi za hadithi 1,200. Jumla 45,200. Anayeanza leo aruke chati na laminesheni. Manila na maka peni atazihitaji kwa kadi, ila manila nne na maka peni mbili zinatosha, yaani 5,800. Pamoja na kopi, selotepu na penseli, seti nzima haizidi 20,000.

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Kinachoendelea

Kadi zimeombwa na mwalimu wa kidato cha pili. Nimempa nakala za sentensi bila majina ya nyuma, ili darasa lake liyaandike lenyewe.

Kwetu tumeanza seti ya fasihi simulizi, na tayari kuna ugumu. Kufuta hakufanyi kazi kwenye kitendawili, kwa sababu kitendawili kikikaushwa kinakuwa jibu lake: "Nyumba yangu haina mlango" inageuka yai, na mchezo umekwisha. Kinachojaribiwa wiki hii ni kubadilisha jibu badala ya kukausha swali. Wanafunzi wanatafuta kitu kingine kisicho na mlango, halafu wanaeleza kwa nini mtegaji angelikataa jibu hilo na kudai mji. Kwa methali tunaandika mazingira mawili tofauti ambamo methali moja inasemwa, na kutazama maana inavyohama. Matokeo nitayaweka hapa baada ya mitihani ya mwezi huu.